Miaka Thelathini na Miwili ya Kuuliza Umegusa Nini

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, fundi wetu wa kompyuta anastaafu baada ya kukitumikia chuo chetu cha uuguzi kwa miaka thelathini na miwili. Kamati ya jarida imeniomba mimi, karani wa mitihani, niandike wasifu wake kwa madai kwamba ndiye niliyefanya naye kazi kwa karibu zaidi. Wangesema ukweli tu: ndiye niliyegombana naye zaidi. Basi nitaandika, ila wasitarajie sukari tupu.

Aliajiriwa kutengeneza taipureta. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ilikaa ndani ya boksi miezi miwili kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuigusa, mwisho akapewa yeye kwa hoja kwamba nayo ina vitufe. Alijifundisha mwenyewe. Miaka kumi iliyopita, virusi vilipokula mitihani ya muhula mzima, alizihamishia kompyuta zote za ofisi kwenye mfumo mwingine, Linux. Tulilalamika mwezi mzima, mimi nikiwa kiranja wa walalamikaji. Tangu siku hiyo virusi hatujaviona. Hilo namkubalia, kwa shingo upande.

Wanafunzi wanamwita Umegusa Nini, kwa sababu ndilo swali lake la kwanza kwa kila mtu. Printa ikikwama, umegusa nini. Umeme uliwahi kukatika mtaa mzima, na mkuu wa chuo mwenyewe akaulizwa amegusa nini. Jibu hulitoi kwa mdomo. Unaliandika katika daftari lake jeusi: tarehe, tatizo, aliyegusa, alichogusa. Daftari la sasa ni la kumi na nne. Matroni anajua kilichoandikwa mwaka ule wa chai na kibodi, na anajua kwamba hakifutiki.

Halafu kuna plasta. Kompyuta zetu zina swichi ndogo ubavuni ya kuwasha na kuzima waifai, nasi tulikuwa tunaigonga kwa kiwiko kisha tunampigia kelele. Akaenda zahanati ya chuo, akaomba plasta za vidonda, akabandika moja juu ya kila swichi. Kila mwezi wa Juni huzibandua, akapangusa, akabandika mpya. Wageni hudhani kompyuta zetu kumi na moja zimetoka kujikata.

Sasa nije kwenye wiki iliyopita, maana hasira yangu bado ya moto.

Alama za wanafunzi sitini na wawili wa mwaka wa mwisho zilitakiwa kufika baraza la mitihani Ijumaa saa sita mchana. Zikichelewa, hawapangiwi hospitali mpaka mwakani. Mfumo wa baraza unazipokea kutoka kompyuta moja iliyosajiliwa, ambayo ni yangu, tena ikiwa ndani ya mtandao wa chuo. Wao wanaita usalama. Mimi nina jina lingine. Kompyuta yenyewe haina tundu la waya wa mtandao, na simu zetu haziruhusiwi kwenye mtandao wa chuo kwa amri ya fundi huyuhuyu. Jumatatu waifai ikatoweka.

Nilimwita. Akafungua daftari. Niliandika kwamba sijagusa kitu. Akaingia kwenye kumbukumbu za mashine, akanisomea kwa sauti mbele ya msajili: saa tatu na dakika arobaini asubuhi nilikubali kusasisha mfumo, dakika kumi baadaye nikaulizwa kama mabaki ya mfumo wa zamani yafutwe, nikakubali pia. Akayaandika yote kwa kalamu nyekundu.

Kadi ya waifai ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni draiva, ile programu ndogo inayouwezesha mfumo kuelewana na kadi. Iliyokuwepo ilitengenezwa kwa mfumo wa zamani, ambao nilikuwa nimeufuta kwa mkono wangu. Draiva mpya iko mtandaoni, na mtandaoni huingii bila draiva. Nilicheka kicheko cha mtu anayekaribia kulia.

Nilitegemea avute kiti afanye kazi yake. Hakuvuta. Alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni, akasema kwamba wiki mbili hazijaisha atakuwa hayupo, kwa hiyo mama, amri andika wewe. Siku tatu nzima! Nilipakua draiva kwenye kompyuta ya maktaba, nikaileta kwa flashi. Ikadai kifurushi kingine cha programu. Nikarudi maktaba, ngazi arobaini na mbili kupanda, arobaini na mbili kushuka. Kifurushi nacho kikadai ndugu zake. Mtunza maktaba akaniuliza kama nimehamia. Nikikosea herufi moja, fundi alikohoa, wala hakusema ni ipi. Nilimwambia maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa, naye akanishauri nisome mstari wa mwisho wa kosa, si wa kwanza.

Alhamisi alasiri draiva ikakubali. Nikarusha mikono juu. Alama ya waifai ikajitokeza kwenye kona ya skrini, ikiwa na msalaba mwekundu. Tukaizima kompyuta, tukaiwasha. Msalaba. Tukaiondoa draiva, tukairudisha. Msalaba. Ijumaa saa nne asubuhi ulikuwa bado upo, na nje ya dirisha langu wanafunzi watano wamekaa ukutani wakijifanya wanapunga upepo. Mmoja wao ni mama wa watoto wawili ambaye mumewe alishamwambia kwamba mwaka mwingine wa kungoja hakuna. Nilishindwa kumtazama.

Nikaandika amri ya kuiuliza mashine ni nini kinachoizuia kadi. Nikasoma mstari wa mwisho: imezimwa kwa swichi. Nikaibandua plasta kwa ukucha. Chini yake swichi ilikuwa imezimwa.

Plasta ilikuwa mpya. Jumanne, mimi nikihangaika na ngazi za maktaba, yeye alikuwa anabadilisha plasta za mwaka huu ili akabidhi ofisi ikiwa safi. Alipopangusa kwa kitambaa, swichi ikasogea. Kwenye jalada la daftari ameandika kwa mkono wake tuanze na swichi, ila hatukuanza nayo, kwa sababu aliyeibandika plasta ni yeye mwenyewe, naye hakujishuku.

Saa tano na dakika ishirini baraza lilithibitisha kupokea alama za wote sitini na wawili. Huko nje wakapiga vigelegele. Mimi niligeuka, nikamuuliza fundi, mbele ya msajili na matroni, amegusa nini.

Kwa mara ya kwanza wiki ile akavuta kiti. Akaandika taratibu: Ijumaa, waifai haiwaki, aliyegusa, fundi, alichogusa, swichi, akiwa na haraka ya kuondoka. Katika madaftari kumi na manne hakuna mahali pengine alipojiandika. Kisha akanisukumia daftari na kalamu nyekundu, akasema tangu sasa ni vyangu. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka. Nililia, na sikuona aibu.

Jumatano hii msajili alikuja kuniambia printa imekwama. Kabla sijainua kichwa nilisikia sauti yangu ikimuuliza amegusa nini.

Asante, Fundi wetu, kwa miaka yote hii na kwa siku zile tatu. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wasumbufu. Ukurasa wako wa daftari nimeubandika plasta, usije ukachanika.