Jina la Tsibin Kwenye Shamba Letu

Ngoja nimalize kumenya mhogo huu, Donato, halafu unisomee tena hiyo karatasi uliyotoka nayo mjini, polepole, usiruke neno. Shamba namba tatu, mwenye shamba Tsibin. Mjomba wako Tsibin peke yake? Si mimi, si dada yako? Haya. Selestina, malizia mhogo wewe, mikono yangu haina nguvu, na umwite Aloisi atoke huko kwenye migomba, mkae hapa wote watatu. Nilitaka kuyasema haya padri akiwa pembeni, lakini yule mganga wa zahanati aliponibonyeza tumbo juzi hakunitazama machoni, na mimi nimeuguza watu wengi, najua maana yake.

Sasa tegeni masikio, wanangu, na asinikatize mtu.

Msidhani nilikuja huku bara kwa kupenda. Miaka saba kule kisiwani maji ya chumvi yaliingia kwenye mashimo ya magimbi, tukipanda yanaoza, tukipanda tena yanaoza, mkala nazi na samaki, samaki na nazi, mpaka Donato akavimba miguu. Baba yenu akajenga ukuta wa mawe, mawimbi yakauzunguka. Akajenga mwingine, akafa anaujenga. Siku makaburi yalipofunguka nilimwokota mama yangu ufukweni, mfupa mmoja mmoja, nikamtia kwenye gunia la mchele. Waliokuja na kamera wakatuambia bahari imepanda kwa sababu ya moshi wa viwanda na magari. Kisiwa kizima hatukuwa na hata pikipiki! Wakatupiga picha, wakatugawia fulana, wakaondoka. Hao sina neno jema la kuwaachia.

Lakini kosa la shamba hili nimelifanya mwenyewe.

Kule kwetu ardhi ilitoka kwa bibi ikaja kwa mama, ikatoka kwa mama ikaja kwangu, na kazi ya mjomba wenu Tsibin, kaka yangu wa tumbo moja, ilikuwa kuisemea kwenye kikao, kwa sababu mwanamke mwenye ardhi hafungui mdomo mbele ya watu. Anakaa nyuma, kaka yake anasimama na kusema "ardhi yangu", na kila mtu, hata mtoto anayetambaa, anajua anasema ya nani. Basi siku tuliyoshuka kwenye boti, bado tunatapika, karani wa makazi akauliza chini ya turubai, "Hapa mwenyewe nani?" Tsibin akasimama kama alivyozoea. "Mimi." Nami nilikuwa nyuma yake, nimempakata mama yangu kwenye gunia. Karani akaandika. Nilimwona. Nimefika kidato cha nne, jina la kaka yangu nalisoma hata likiwa kichwa chini, na nikanyamaza, kwa kuwa ndivyo nilivyofunzwa. Karani hakutuibia. Aliuliza, akajibiwa.

Aloisi, usitikise kichwa. Najua unataka kusema, "Si niliwaambia niandikwe mimi?" Ungeandikwa wewe ingekuwa yale yale, maana watoto utakaozaa ni wa ukoo wa mama yao, kama wana wa Tsibin walivyo wa ukoo wa Regina mkewe. Na Regina aliolewa kule kisiwani, lakini ni mtu wa hapa hapa bara, ana ardhi ya mama yake kule mtoni, ndizi zinamwozea. Wanawe wana njaa gani? Lakini mwezi uliopita wamekuja kuchomeka miche ya kakao kwenye shamba letu, nami nilipouliza wakanijibu: "Shangazi, siku hizi inasema karatasi." Shangazi! Nimewaogesha hao, nimewatoa funza.

Nami nikaenda kwa Tsibin. Nikamwambia, "Kaka, twende kwa karani ukaseme ukweli." Akachora chora chini kwa kijiti. "Dada, wanangu watanifukuza nyumbani." Miaka sitini nimemwachia anisemee, na siku niliyomhitaji sauti ilimkauka.

Basi shikeni haya. Shamba hili ni la Selestina, na baada yake ni la binti zake wawili. Aloisi na Donato, limeni, kuleni, jengeni, hakuna wa kuwatoa mkiwa hai. Lakini msiligawe, msiliuze, na wake mtakaooa msiwadanganye kwamba ni lenu. Jumatatu mwende kwa karani wote watatu, na atakayesema ni Selestina. Aloisi, ukifungua mdomo kabla yake, sijakuzaa. Seli, usiangalie chini. Watakucheka, wanawake wenzako ndio wa kwanza. Wacha wacheke. Mimi sikuchekwa hata siku moja, na tazama nilichowaachia.

Nikifa nizikeni pale pale kwenye hiyo miche ya kakao, karibu na pale nilipozika gunia la mama. Anayetaka kuvuna aje anikanyage, tumwone. Msiniwekee saruji. Usiinue panga, Donato, nakujua. Ng'oeni miche kwa mikono, mchana, muwarudishie mlangoni kwao.

Maji... Ahsante. Hapo. Inatosha.

Chakula kimeiva? Pakueni. Nani huyo anakohoa nje? Tsibin. Ameletwa na nini, habari ya karatasi? Mwacheni. Aloisi, kaa chini, nimesema kaa. Hapana, mimi simkaribishi, na wewe Tsibin usiingie bado, subiri hapo mlangoni. Seli. Mwambie. Kwa sauti, nisikie mimi huku.

"Mjomba, karibu kwangu."

Umesikia, Tsibin? Kwake. Ukiona ni uongo, sema, wewe si ndiye msemaji wetu? Sema basi, tupo tunakusikiliza... Hasemi. Haya, anavua ndala. Amekaa.

Mpe samaki, Seli, wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Wote mmeona anakula kwa nani. Donato, umeona? Aloisi?

Nisaidieni kuhesabu, macho yanaingia giza. Seli, binti zake wawili na mwanawe wa kiume, wanne. Aloisi, Donato, sita. Kaka yangu, saba. Mimi wa nane... bado nipo. Mungu awape mvua yenye kipimo. Awape... sauti. Kuleni, kinapoa.