Projestus Apolinari na Msonge wa Mama Yake

Ndugu, marafiki na majirani zetu wa Tegeta, huyu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 huko Kamachumu, wilaya ya Muleba, akiwa kitindamimba wa Mzee Apolinari, sasa marehemu, na Mama Auleria. Alizaliwa ndani ya msonge, nyumba ya duara ya nyasi aliyoijenga babu yake, naye alijigamba kwa hilo hadi tukachoka kumsikia.

Shule ya msingi alisoma hapo hapo kijijini, sekondari Bukoba mjini, kisha akaja Dar es Salaam kusomea usanifu majengo, akahitimu mwaka 2009. Sote tukangoja ghorofa. Badala yake alifungua ofisi ndogo Mwenge, akawa anabuni programu za simu za kumtembeza mtu ndani ya majengo ya kale. Mwaka 2012 alifunga ndoa na Tusajigwe, wakajaliwa Marietha na Edgar.

Mwaka 2021 msonge uliungua. Mama akahamia kwa Projestus hapa Tegeta, lakini halali vizuri, chakula hakimpiti, anaulizia kwake tu. Projestus akaamua kumrudishia nyumba yake, japo ndani ya simu. Akaweka na sharti: ukifika mlangoni uinamishe simu, ndipo uingie. Waliojaribu wakadhani imeganda. Mwenzake Allen akamwambia, "Braza, hii ishu itatukimbizia wateja." Akajibu, "Msonge hauingiwi wima."

Mama alipopewa simu aliinama yeye mwenyewe, mgongo mzima. Tulicheka sana. Yeye akatazama mafiga kwa muda, akauliza, "Mbona macho hayaniwashi? Kwangu kulikuwa na moshi."

Mwaka 2024 figo zilianza kumsumbua Projestus. Siku ambazo hakwenda kusafishwa damu alikaa kutengeneza moshi, akifuta na kurudia. Alimwambia mkewe waziwazi kwamba anaogopa kuondoka kabla hajamaliza. Mwezi Mei mwaka huu akamaliza. Mama aliingia, akapikicha macho, akasema, "Hapa ndipo." Projestus alilia kwa furaha. Alifariki hospitalini tarehe 11 Juni 2025, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili na dada yake Monica. Jana tulimpelekea Mama ile simu, tukidhani itamfariji. Akaisukuma pembeni.

"Nyumba kanirudishia," alisema. "Yeye nani atanirudishia?"

Proje, Mama tunaye sisi. Wewe pumzika.