Mjomba Aliyengoja Jibu

Kitu cha kwanza msichana alichokiona basini ni futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwa mwanamke fundi cherehani aliyekaa mbele yake, kana kwamba abiria wote wangepimwa. Fundi alikuwa akibishana na mzee wa pembeni juu ya Mjomba wa runinga, aliyewauliza watoto kila jioni, "Umeshindaje, mwanangu?" kisha akanyamaza kungoja jibu.

"Mimi nilikuwa namjibu," alisema fundi.

"Ulikuwa ukijibu kioo cha runinga! Binti yangu, yule hakukuona hata siku moja."

"Na walioniona nyumbani, mzee wangu, nani aliniuliza?"

Basi likasimama.

Msichana naye, tangu alipoachishwa shule darasa la nne, alimtazama Mjomba kupitia dirisha la jirani, na hakuwahi kumjibu, asije akasikika. Akashuka, akasema kwa sauti, "Nimeshinda salama, Mjomba."