Alinikataza Kuandika, Kusema Hakunikataza

Mutanisamehe. Dakika hii hii, na munaona wenyewe, mutoto wangu Chérie amekula waheshimiwa. Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa na majina yenu yote, nani mbele na nani nyuma, mwalimu aliisahihisha mara mbili. Nimeinama tu kufunga kikwembe changu vizuri, kunyanyuka hivi, kona yote ya juu imo kinywani, anatafuna polepole kama muntu mwenye kazi yake. Nimeingiza kidole, nimetoa «Mhe» peke yake. Mengine yamekwenda.

Kwa hiyo nitasalimia kwa kufuata viti, ju viti havikuliwa.

Mheshimiwa muwakilishi wa commune yetu ya Kasuku, uliyepewa kiti chenye mikono, Baba Padri, mwenye salle hii tuliyokusanyika, uliyepewa kiti chenye muto lakini kisicho na mikono, mwalimu wetu Roger, unayekaa kiti cha plastiki chenye muguu mumoja mufupi, na ninaona unavyojizuia usitingishike, ndugu wageni waalikwa wa benchi ya kwanza, mama mukwe wangu mupenzi, Mama Philomène, wa benchi ya pili, uliyefika hapa mbele yangu kusudi uchunguze nitasema nini, waandikaji wenzangu, ninyi wa nyuma, na ninyi munaochungulia madirishani, ambao hamukualikwa lakini njo munasikia vizuri kupita wote: ninawasalimia, na kila mumoja abaki na heshima ile ile aliyotoka nayo kwake.

Mimi ni Falone. Nimechaguliwa kusema kwa jina la wanafunzi kumi na wawili wa atelier hii ya kuandika, na musifikiri ni kwa sababu ninaandika kupita wengine. Siku ya kuchagua sikukuja, Chérie alikuwa na homa. Munajua mikutano yetu: asiyekuja njo anapewa kazi.

Leo tunapewa brevets zetu za kumaliza masomo. Ni furaha kubwa, na mimi ambaye niliacha masomo darasa la pili ya secondaire, tumbo la mutoto wangu wa kwanza likiwa linaanza kuonekana, sikuwaza kwamba jina langu litaandikwa tena juu ya karatasi ngumu. Lakini kesho asubui kuko kazi nyingine. Kesho kitabu chetu kinaenda kwa fotokopi. Kina kurasa kumi na mbili, muntu na ukurasa wake. Kumi na moja zimejaa. Wa kumi na mbili njo wangu, na ni mweupe kama unga. Si kwamba nimeshindwa kuandika. Niko na muntu aliyenikataza. Muntu huyo iko benchi ya pili. Mama, usigeuke nyuma, benchi ya pili ni yenu. Nitafika kwako.

Nianze pale nilipoanzia. Jirani yangu aliniambia: «Falone, kuko atelier ya wamama na wababa kwenye salle ya parokia, ya bure, kila mardi, siku ya pili ya juma.» Mimi kwangu, na kwenu pia, musijifanye, atelier ni nini? Si kuko machine za kushona, na pasi ya makaa, na calendrier yenye picha za mifano ya nguo? Nikasema: Mungu amenikumbuka, nitajua kushona, nitamushonea mutoto, nitajishonea mwenyewe. Nilikuja na makasi, metre ya kupimia, uzi mweusi na uzi mweupe, na kipande cha kikwembe cha zamani cha kujifunzia. Kuingia, watu wote wamekaa na cahier wazi mezani na bic mukononi. Nikajiambia labda wanaandika vipimo.

Mwalimu Roger akaniuliza: «Mama, umeleta nini?»

«Makasi, mwalimu.»

Wenzangu walianguka kwa kucheka. Papa mumoja wa reli alicheka mupaka kofia yake ikamutoka. Ningeondoka. Lakini Chérie alikuwa amesha kulala mugongoni, na ninyi wamama munajua: mutoto akilala, unakaa pale alipolalia, hata kama ni kwenye mukutano wa wanasiasa. Mwalimu hakucheka. Alisema: «Vizuri. Wengine wote wamesahau.»

Akatupa kazi, tuandike juu ya muntu wa nyumbani kwetu. Nikaandika ukurasa mzima ginsi tulivyofundishwa: «Ninashika bic yangu kwa furaha kubwa kukujulisha kwamba mimi ni muzima wa afya», na vingine vile. Mwalimu akausoma, akanirudishia: «Sasa chukua makasi yako. Kata kila kitu ambacho muntu yeyote wa Kindu angeweza kuandika bila wewe.» Nilikata. Nilikata mupaka chini ya meza kukawa kama kwa kinyozi. Mukononi kulibaki mustari mumoja: «Mama mukwe wangu anaonja mboga yangu kwa macho kwanza.»

Ndiyo, Mama, nilikuandika tangu siku ya kwanza. Usishangae sasa.

Na munafikiri yeye alifurahi na masomo yangu? Kila mardi nikijifunga mutoto, alikuwa anasimama mulangoni: «Unaenda kujifunza kuandika? Walimu wa secondaire walikushindwa miaka miwili, huyu wa mardi ataweza?» Na nikirudi: «Haya, leteni maji, muandikaji amerudi, amechoka, amebeba maneno mazito.» Lakini mumusikilize vizuri: hata mardi moja hakukataa kubaki na sufuria yangu motoni. Na siku mvua ilinyesha nikasema siendi, nani alinitolea mwavuli chini ya kitanda chake? Sisemi. Iko benchi ya pili.

Ndugu wageni waalikwa, munataka kujua tumefanya nini miezi hii nane? Tumejifunza kusikilizana. Yule papa wa reli ameandika hadithi sita, na katika zote sita treni inafika kwa saa yake. Njo maana tunajua amezitunga. Kuko kijana wa taxi-moto anayeandika mashairi ya mapenzi, na katika kila shairi pneu ya pikipiki inapasuka. Tunasoma, tunasahihishana, tunagombana ju ya neno moja mupaka sentinelle wa kufunga salle anakuja na funguo, kisha tunaendelea kugombana njiani. Mwalimu alituambia muandikaji ni muntu anayechukua jambo lililotokea na kulitengeneza mupaka mwingine aweze kulibeba. Tulilinakili wote. Mimi nilifika nyumbani nikamusomea mama mukwe wangu, tukiwa tunachambua maharagi, kusudi nimuonyeshe kwamba mwalimu wa mardi ameweza.

Akaacha maharagi. Akaniambia: «Hiyo tu? Mimi nilifanya hiyo wakati wa vita.» Akanisimulia, na alipomaliza kusimulia akasema: «Usiiandike.»

Nimetii. Sikuiweka katika kitabu. Alinikataza kuandika, kusema hakunikataza. Sitataja jina la muntu, na nimeangalia salle yote: wenye mambo hawako humu. Mama, kohoa tu, maji iko pale mezani.

Ilikuwa miaka ile elfu mbili na moja, na mbili. Mimi nilikuwa mutoto mudogo. Treni haiji, mashamba ya ng'ambo ya muto hakuna kwenda, na waume wengi walikuwa wamebaki kule walikokuwa wanachimba madini, Kalima, Kampene. Wengine wameshindwa kurudi, wengine wamepata sababu ya kushindwa. Barua zilikuja na wasukuma baiskeli, ndani ya gunia, kama hawakuzitupa njiani. Mama Philomène alisoma kwa masista mupaka darasa la tano. Alikuwa anauza mawese sokoni, na wamama wasiojua kusoma walimuletea barua zao. Anafuta mafuta mikononi, anafungua, anasoma kwa sauti.

Siku moja bibi jirani alileta barua ya bwana yake kutoka Kampene. Mama aliisoma kwanza kwa macho, ginsi anavyofanya na mboga yangu. Barua ilisema: «Nimepata bibi mwingine huku. Usiningoje. Rudi kwa wazazi wako.» Njo vile, hata salamu hakuna. Mama akanyanyua macho. Yule bibi iko na mutoto mugongoni, mwingine ameshika kikwembe chake, na wazazi wenyewe wamesha kufa mwezi ule. Anamutazama Mama kinywani, anangoja.

Ndugu zangu, ungekuwa wewe, ungesoma nini?

Mama mukwe wangu, ambaye kila siku ya Mungu ananikumbusha kwamba uongo ni zambi, alikaza karatasi na kusoma: «Bibi yangu mupenzi. Njia zimefungwa. Kila nikikaa kula huku ninakumbuka sombe yako, yale majani ya muhogo unayotwanga mupaka yanakuwa laini na kutia mawese mengi. Uningoje.»

Yule bibi alikwenda nyumbani anaimba. Taabu ilianza kesho yake aliporudi: «Philomène, nisaidie nijibu.» Ajibu nini, na bwana hakuandika ile? Mama akajibu: «Bwana yangu, nimefurahi kusikia unakumbuka sombe yangu. Watoto wanakuuliza.» Muwazie yule bwana kule Kampene! Ametuma jiwe, amepokea asante. Akaandika tena kwa hasira: «Hukuelewa niliyosema?» Mama akasoma: «Silali kwa kukuwaza.» Wakajibu. Akaandika ya tatu, na nafikiri yeye mwenyewe alisha anza kuwa na mashaka ju ya alichoandika. Wakajibu hiyo pia. Ya ine haikuja. Mama alikaa na woga: nimemungojesha bibi wa watu bure, nimekula miaka yake.

Kumbe ya ine ilikuwa inakuja kwa miguu. Bwana mwenyewe, siku kumi na moja porini, amekonda, amevaa viatu viwili vyote vya kushoto. Alisimama mulangoni, hakusalimu, hakuomba musamaha. Aliuliza: «Sombe iko?»

Wako pamoja mupaka leo. Watoto ni sita.

Mama alipofika hapo alikuwa anacheka mupaka machozi. Kisha kicheko kikakatika. Nikamuuliza: «Mama, kwa nini nisiandike? Ni hadithi nzuri kupita zetu zote.» Akasema, na sauti yake haikuwa ile ya mulangoni: «Yule bibi njo rafiki yangu. Tunakaa benchi moja kanisani zaidi ya miaka makumi mbili. Akijua kwamba yale maneno aliyoyaimba yalikuwa yangu, na si ya bwana yake, nitakaa na nani?»

Mbele ya ninyi nyote ninamuuliza. Mama, ule ulikuwa uongo, ama ulikuwa kazi ile ile ambayo leo sisi tunapewa brevet kwa kuifanya vibaya? Ninyi wageni munasemaje? Tungekuwa tunatoa karatasi ngumu kwa haki, si ya kwanza ingekwenda benchi ya pili, kwa muntu ambaye…

Nani anaita pale mulangoni? Wamama, mupisheni kidogo. Ni… ah. Mama Sifa. Karibu, Mama Sifa. Sikujua unakuja. Mimi… hapana, Mama, sikutaja muntu. Mama Philomène, kaa, tafazali. Nyamazeni huku nyuma, hana micro, nitarudilia maneno yake.

Anasema: «Falone, mutoto wangu, hukutaja jina, lakini viatu viwili vya kushoto katika muji huu njo vya bwana yangu Amuri peke yake.»

Watu, acheni kupiga meza. Anaendelea. Anasema: «Philomène, mimi nilijua tangu barua ya kwanza. Amuri hajawai kusifu sombe yangu hata ikiwa iko mbele yake na moshi inatoka. Angeisifu namna gani akiwa Kampene?»

Mama Philomène anamuuliza… nimesikia vizuri, Mama? Anamuuliza: «Sasa kama ulijua, ju ya nini hukuniambia? Miaka yote hii ninabeba ile karatasi rohoni.»

Na Mama Sifa anajibu… subirini, na mimi nipumue. Anajibu: «Ningesema ninajua, ungenisomea barua ya pili?»

Musogee benchi ya pili. Papa, sogea na kofia yako, mupe Mama Sifa nafasi. Hapo. Hapo karibu naye.

Mheshimiwa, Baba Padri, mwalimu Roger, nilikuwa na karatasi ingine mbili za maneno mazuri, ya shukrani na ya maendeleo, lakini nafikiri hamutazihitaji. Masikio yenu muliyoniazima leo ninawarudishia mazima, na asante nyingi kwa kila mumoja, wa kiti chenye mikono mupaka wa dirishani. Lenye kubaki ni lile la kesho asubui, ule ukurasa wangu mweupe, na mimi sitaandika hata neno kabla mama mukwe wangu mwenyewe hajani…

Mama? Ndiyo, Mama, ninasikia. Mutanisamehe, ananiita, anasema nishuke mara moja na bic na ile karatasi, ju barua ya pili nimeiharibu, hakusoma vile, alisoma kwamba…