Nesi Dorotea Aliyetunyamazisha

Nesi Dorotea Wenceslaus anastaafu tarehe 30 Juni 1993, baada ya miaka ishirini na sita ya kupima watoto wa watu. Alianzia Musoma mjini, akakaa Kitaji, halafu mwaka 1979 akaletwa zahanati yetu hapa Guta na sanduku moja na jiko la mkaa. Alisema atakaa miezi sita. Hesabuni wenyewe.

Amefanya kazi miaka ile sabuni ilikuwa inatafutwa kama ng'ombe aliyepotea. Glavu alikuwa anafuaga na kuzianika kwenye kamba kama soksi. Mlinzi wa hapa, ambaye ndiye anaandika haya na ndiye mwenye ile meza ya maandazi getini, aliwahi kumletea mche wa sabuni ya magendo. Aliupokea, akamkemea dakika kumi, akaenda kunawa.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ya Nyamburi, mke wa Keraryo mvuvi. Mwaka 1984 Nyamburi alikuwa na mtoto wa kwanza, Robi, miezi saba. Mama huyu alikuwa haangaliagi mtu usoni, salamu ndefu zinamchosha, na kelele zinamuuma kama jino. Na kliniki yetu ilikuwa kelele tupu: mlinzi anagonga rimu la lori kuita watu, akina mama wanaimba wimbo wa lishe na makofi juu. Siku moja Robi akiwa ananing'inia kwenye mzani, Nyamburi aliziba masikio, akatoka mbio mpaka nyuma ya choo.

Mama mkwe wake, Boke, alikuwepo. Akasema mbele ya foleni nzima, "Mmeona wenyewe? Ameacha mtoto kama ndoo iliyotoboka. Jumapili wazee wakikaa, mjukuu wangu namchukua."

Dorotea alimshusha Robi kwenye mzani, akambeba. Alimfuata Nyamburi, akakaa naye kimya huko huko, na harufu yote ile, mpaka Nyamburi mwenyewe akasema, "Ni rimu. Na makofi."

Kesho yake rimu likashushwa. Mlinzi akaambiwa awe anaita watu kwa mkono tu, akaonekana kama anafukuza nzi. Nyamburi akapewa Alhamisi saa moja asubuhi, peke yake, kabla ya nyimbo. Nyumbani nako Dorotea akapanga: Nyamburi atasalimia mara moja asubuhi, na salamu hiyo itatosha ukoo wote mpaka jua lizame. Wavuvi walimcheka Keraryo. Akawajibu kwamba mke wake ndiye mtu pekee Guta ambaye hajawahi kuwasengenya.

Ikabaki Jumapili. Dorotea akamwambia Boke, "Mama, kabla hujamchukua, kakae kwake siku mbili uone mtoto analelewaje."

Boke akaenda na mkeka wake. Ukutani akakuta Nyamburi amechora kwa mkaa siku nzima ya Robi: kunyonya, uji, kuoga, kulala. Siku ya kwanza Boke alinogewa maongezi na jirani, saa ya uji ikapita. Nyamburi alinyoosha kidole ukutani. Siku ya pili Boke ndiye alikuwa anauchungulia ukuta kila saa, kama mtu anayesubiri matokeo ya darasa la saba.

Jumapili wazee wakamuuliza. Boke akasema, "Mtoto abaki kwa mama yake. Aliyesahau uji ni mimi."

Tangu hapo wazazi wa namna hiyo wamekuwa wakija mpaka kutoka Nyamuswa, akina baba wakiwemo, na wenzi wao, na mama wakwe wao. Juzi daktari mmoja mgeni alituambia hali hiyo inaitwa otizimu, mtu anazaliwa nayo. Dorotea akamshukuru kwa hilo jina la ugonjwa wa kuzaliwa nao, akamwambia kazi ilishaanza.

Nyamburi ana watoto watatu sasa, wote kawalea mwenyewe. Siku ya sherehe ya kumuaga nesi atafika mapema, ataaga, ataondoka kabla ya ngoma. Msimkimbize na sahani. Pilau yake itapelekwa nyumbani.

Nesi wetu, asante kwa yote. Nenda Butiama ukapumzike, ulime kidogo, ulale sana, na Mungu akupe miaka mingi yenye afya. Tutakukosa.