Likizo ya Kalinga Kwenye Milima ya Bruda

Benchi la Saulo muuza kahawa liliegemea ukuta wa fundi viatu, pale barabara inapopanda kutoka soko la Iringa. Jumamosi ile ya Januari, mwaka sabini na tatu, mvua ilikuwa imepumzika na mitaro bado ikinguruma. Kalinga, seremala wa misheni, alikaa katikati kama bwana harusi, maana habari ilikuwa yake. Bruda Pietro, Mwitaliano aliyemfundisha randa na patasi, alikuwa anajiandaa kwenda likizo kwao, kwenye milima mirefu ya kaskazini mwa Italia, na ndugu zake walikubali kumlipia Kalinga nauli waende pamoja. Kalinga alitakiwa kujibu jioni hiyo: aende Julai, wakati kule kuna joto, au Januari ijayo, wakati kuna theluji.

— Januari! alisema Filemoni, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na swichi ya kumzimia. Mtu unakwenda mlimani Ulaya, unarudi hujakanyaga theluji? Tutakwambia ulijificha Morogoro.

— Lakini baridi yake, Redio, alisema Kalinga.

— Baridi gani? Ukipiga chafya kule, chafya inaanguka chini, pwaa, kama kokoto. Unaiokota, unaweka mfukoni.

Jailos alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Huyu walimwita Tanzamu, kwa kuwa aliendesha lori la mafuta kwenye barabara ya Tanzamu kwenda Zambia, na kwao ni Makete.

— Mnamtisha bure, alisema. Kwetu Makete mwezi wa saba maji ya ndoo asubuhi yanavaa kioo. Unagonga na kata ndipo unanawa. Mtoto wa kwetu anachunga kondoo kwenye sakitu hiyo, miguu mitupu. Wazungu wakimwona watavua makoti kwa aibu.

— Kalinga si wa Makete, alisema Saulo akimimina.

— Ni Mhehe, alijibu Jailos. Mhehe naye hatetemeki mbele ya watu. Atatetemeka akifika chumbani.

Hapo Kalinga alicheka, lakini neno lilimgusa. Bruda alikuwa amemwonyesha picha ya kijiji chao, weupe umefika madirishani. Tangu siku ile alijiona amesimama pale na koti lake la kila siku, kimya, meno hayagongani, watu wakimtazama. Moyoni alikwisha kuchagua Januari. Alitaka tu wenzake wamsukume.

— Halafu kuna mbao, alisema Redio. Wanavaa mbao miguuni, ndefu kama za jeneza, wanashuka nazo mlima mzima.

— Mbao za mti gani? aliuliza Kalinga haraka.

— Wewe ndiye fundi, unaniuliza mimi?

— Mninga ni mzito. Labda msindano wa Sao Hill, mwepesi, ukiuloweka unapinda. Ningechonga zangu hapa hapa. Sitaki kuazima.

— Umesikia! Jailos alipiga goti. Anakwenda na mbao za Iringa! Na ulanzi, usisahau. Januari mianzi inatoa pombe vizuri. Galoni mbili kwa wazee wa Bruda.

— Ulanzi hauzibwi ukakaa kimya, Tanzamu, alisema Saulo. Utavimba angani, galoni lipasuke. Rubani atadhani vita.

— Basi atatua, aonje.

Walikuwa bado wanacheka alipotokea Verediana, mke wa Kalinga, majembe mawili begani, tope limempanda mpaka magotini. Alikuwa anatoka kupalilia mahindi Kihesa, na jembe la pili lilikuwa la mumewe.

— Kamwene, mashemeji.

— Kamwene, mama Lea! Keti unywe. Mumeo tumeshampangia. Januari.

Verediana hakuketi. Aliyashusha majembe.

— Januari ndiyo hii. Mnaiona miguuni kwangu.

— Hilo lisikuumize kichwa, shemeji, alisema Jailos. Utaandaa ulanzi, utatualika, tutapalilia wote kwa siku moja.

— Vizuri. Na nani ataanza mstari?

Redio alichungulia kikombe chake. Kila aliyekuwa pale alijua kwamba watu wa kualikwa hawagusi udongo mpaka mwenye shamba, mume wa nyumba, apige jembe la kwanza na kutangulia. Asipotangulia, wanakaa kivulini, wanakunywa, wanakwenda zao, na mahindi yanabaki na magugu, na wakwe wanasikia.

Fundi viatu aliacha kugonga. Kalinga aliona macho yote yamemkwepa, na akajua swali limebaki kwake.

— Bruda aliniambia Julai kaka zake wanakata majani ya ng'ombe, alisema polepole. Mteremko mkali, mtu anajifunga kamba kiunoni. Wanakwenda kwa mstari, kama sisi.

— Upande ndege ukalime? Redio alishangaa. Hiyo nayo likizo?

— Mgeni wa kutazama theluji wamemwona mara nyingi. Mimi nitaingia mstarini. Kufika adhuhuri watakuwa wanautazama mgongo wangu. Julai, basi. Jioni namwambia Bruda.

Verediana alimtazama mumewe, akageuza uso upande wa soko ili tabasamu lisionekane na kila mtu. Alimsogezea jembe moja.

Kalinga alikunywa kahawa iliyobaki, akalitupa jembe begani na kushika njia ya Kihesa, mbele ya mkewe, kifua wazi kwenye upepo wa mvua.

Benchini Redio alikohoa.

— Tulikuwa tumepanga vizuri sana.

Jailos alikwisha kusimama, anakunja suruali.

— Inuka wewe. Mwenye shamba ametangulia.

— Na ulanzi je?

— Utauliza huko huko, mstarini.