Njia ya Karanga ya Ebenezer Ndahani

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zetu Waislamu asalaam aleikum, na wenyeji wenzangu, mbukwenyi. Familia imenituma mimi Nathanaeli, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya kaka yetu, na wamenisihi nisome kwa utulivu, lakini mliomfahamu Ebenezer mnajua habari zake hazisomeki kwa utulivu, kwa hiyo sauti ikipanda mtanivumilia.

Marehemu Ebenezer Ndahani alizaliwa Buigiri tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa pili wa wazee wetu waliokuwa wakulima wa uwele na wafugaji wa ng'ombe wachache, akaanza shule ya msingi mwaka 1957, na mara nyingi alifika darasani amechelewa, kwa sababu njiani alisimama kubandika sikio kwenye nguzo za simu za barabara kuu, akisikiliza waya unavyolia kwa upepo, naye akiamini kwamba ni watu wa Dar es Salaam wanazungumza. Alichapwa sana kwa ajili ya nguzo hizo, na hakuziacha.

Alimaliza sekondari hapa Dodoma mwaka 1968, akasomea ufundi wa simu Dar es Salaam hadi 1970, na kuanzia Januari 1971 akafanya kazi ya kutunza njia za simu Dodoma, Kondoa na Manyoni, akipanda nguzo juani na kurudi nyumbani amejaa vumbi na furaha.

Mpwapwa kulikuwa na opereta aitwaye Lydia, binti wa mzee Bartolomayo, na kaka alikuwa akipiga kutoka Dodoma kuuliza, "Mpwapwa, njia iko wazi?", naye Lydia anajibu, "Iko wazi, Dodoma", na ikawa njia ile inapimwa asubuhi, mchana na jioni wakati haina ugonjwa wowote, mpaka mkuu wake wa kazi akamwambia afadhali aoe ili njia ipumzike. Walifunga ndoa takatifu tarehe 8 Desemba 1979, wakajaliwa watoto wawili, Elieth mwaka 1981 na William mwaka 1985.

Mwaka 1989 wapimaji wa njia ya simu walipita katika kitongoji chetu cha Chinyika, huku Nzuguni, wakachomeka vigingi kuvuka shamba la jirani yetu mzee Seth mpaka vijiji vya Ng'ambo, na kaka, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mtu wa simu, akawaambia watu wa Ng'ambo kwamba simu inakuja, akiamini hivyo kwa moyo wote. Nguzo hazikuja, vigingi vikaliwa na mchwa, na mwaka 1995 yakaja yale mabadiliko ya mashirika ya umma, kaka akawa miongoni mwa waliopunguzwa kazini, akarudi kulima, na kila alipopita Ng'ambo watani walimpokea kwa swali moja, "Fundi, simu yetu imefika wapi?", naye alicheka nao, ila usiku shemeji Lydia alimsikia akigeuka kitandani. Lile deni la maneno lilimuuma kuliko kupoteza mshahara.

Mwezi Juni 2003 Elieth alipata nafasi ya kusomea ufamasia Pune, nchini India, barua ikawa inachukua mwezi mzima, na hapo ndipo kaka akaligundua dishi la setelaiti la ofisi ya mradi wa visima iliyokuwa barabarani, akaomba, akabembeleza, akarudi tena kuomba, mpaka wale vijana wa mradi wakamruhusu kugawana nao intaneti. Jamani, mliona mzee akirudia ujana! Alikwenda Kizota kwa fundi Masudi, wakatengeneza antena za makopo ya maziwa ya unga, moja ikawekwa kwenye ofisi ya mradi, ya pili juu ya paa la udongo la tembe lake, ya tatu ikaelekezwa Ng'ambo, kwenye shule ya msingi, ambako kompyuta iliendeshwa kwa betri ya gari na paneli ya jua, na Jumamosi ya tarehe 16 Agosti 2003 akaandika kwenye kompyuta yake, "Ng'ambo, njia iko wazi?", na mwalimu Anitha akajibu kutoka upande wa pili, "Iko wazi, Fundi." Kaka alitoka nje akazunguka tembe akipiga vigelegele, mwanaume mzima wa miaka hamsini na tano.

Aliwaambia majirani jambo moja tu, kwamba kati ya antena na antena pana njia isiyo na waya, na njia hiyo isikatwe, yaani wasiizibe kwa mti wala kwa jengo, lakini wafugaji wetu walielewa kwamba isikatizwe, yaani asiivuke mtu wala mnyama, kwa hiyo kwa wiki kadhaa ng'ombe wa Chinyika walizungushwa kupitia korongoni, na waliolazimika kupita walipita wameinama, hata msafara wa bibi harusi uliinama wote pamoja na matarumbeta. Kaka alipojua alicheka mpaka akakaa chini, akaeleza upya, watu wakaelewa, ila kuinama kulikuwa kumekwisha kuwa heshima, na mpaka leo wapo wanaoinama.

Februari 2004 njia ilikufa. Kaka alilaumu mvua, akazifunika antena kwa mifuko ya nailoni, akasimamisha mlingoti mrefu wa mti, mchwa wakauingilia na upepo ukaumalizia juu ya paa, na wale watani wakaanza tena kuuliza simu imefika wapi, mpaka mwezi Juni, siku mzee Seth alipovuna uwele wake, kompyuta ya shule ikafufuka yenyewe mchana kweupe huku mabua yakiendelea kulala chini. Kumbe ni uwele! Shamba la mzee Seth liko kwenye mwinuko katikati, matembe yetu ni mafupi, na uwele uliposhiba mvua ulisimama juu kuliko antena na kuinywa ile njia yote.

Kaka alikwenda kumwomba mzee Seth asipande uwele kwenye ukanda ule, na mzee Seth, ambaye yuko hapa na ameniruhusu kusema, alimjibu kwamba watoto wake hawali intaneti. Mwezi wa Agosti kaka akaanza kuvimba miguu, daktari akamwambia moyo umepanuka, naye akawa na hofu moja tu, kwamba mvua nyingine itakuja, uwele utapanda, na ataondoka akiwa bado yule mtu aliyewaahidi watu simu isiyofika. Ndipo watu wa Ng'ambo walipofanya jambo ambalo sitalisahau, mwezi Novemba walialikana kwa jembe kama ilivyo desturi yetu, wakaja wanaume kwa wanawake, wakamlimia mzee Seth shamba jingine kule bondeni kwa ajili ya uwele wake, na ule ukanda wa mwinuko mzee Seth mwenyewe akaupanda karanga.

Mvua zilikuja, na zilikuja kweli. Februari hii uwele umesimama kila upande, karanga ziko chini zimetoa maua, na kaka, akiwa amelazwa kitandani uani kwake, aliuliza kila asubuhi kama njia iko wazi, akajibiwa na shule, akajibiwa na zahanati ya Ng'ambo iliyokuwa imeunganishwa baadaye, akajibiwa na Elieth kutoka Pune, na shemeji akamsomea yote kwa sauti ileile ya Mpwapwa. Hali ilibadilika tarehe 12 Machi, akapelekwa Hospitali ya Mkoa, na Alhamisi ya tarehe 17 Machi 2005, alfajiri, akatutoka, akiacha mjane, watoto wawili na ndugu wengi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa zamani waliotoka Kondoa na Manyoni, vijana wa mradi wa visima, fundi Masudi, na majirani wa Chinyika na Ng'ambo. Elieth hakuweza kufika, lakini habari za msiba alizipata asubuhi ileile, na maneno yake tumeyapokea kupitia njia ya baba yake.

Mmeuliza kwa nini kaburi limechimbwa hapa, kwenye karanga. Siku ya msiba mzee Seth alikuja akiwa ameshika jembe, akasema anatoa mahali hapa katikati ya ukanda, kwa sababu juu ya kaburi la Ebenezer hakuna atakayethubutu kupanda uwele. Tunaomba tu lisijengewe juu. Na tulipovuka hapa na jeneza, sikusikia mtu akitoa amri, lakini wabebaji wote waliinama.

Pumzika kwa amani, Fundi. Njia iko wazi.